Kabla ya kufungua Biblia, muulize kama ana maumivu

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Nahudumia watu ambao saratani au maradhi mengine yamefika mahali pa kutopona tena. Siku hizi muda wangu mwingi unaenda kwa waumini wanaojitolea, kina mama wa jumuiya, wanakwaya na wazee wa kanisa, kuwafundisha kumhudumia mgonjwa nyumbani kwake. Wote wanaijua Mathayo 25: "nilikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama." Hata hivyo kuna jambo huwa linawashtua kidogo: nawaambia kwamba ukifika, kabla ya kufungua Biblia, muulize mgonjwa kama ana maumivu.

Mtu ambaye mifupa inamuuma hana nafasi ya kusikiliza neno. Ataitikia "Amina" kwa adabu tu, ili muondoke.

Dk. Cicely Saunders aliliona hilo mapema. Alianza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's Hospice huko London, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona tena. Alikuwa Mkristo wa dhati, na msisitizo wake mkubwa ulikuwa dawa itolewe kwa saa, isingojee mgonjwa apige kelele. Kwetu, Nairobi Hospice ilianza 1990, na mwaka 1993 Dk. Anne Merriman, daktari aliyewahi kuwa mtawa, akaanzisha Hospice Africa Uganda. Morfini ya maji, dawa kali ya maumivu waliyoitumia, haina makuu: unga wa morfini, maji, kihifadhi na rangi kidogo. Ni chungu, ni rahisi, na inafanya kazi.

Sasa mwanajumuiya anaingia wapi? Kwenye saa. Morfini hiyo hukaa mwilini kama saa nne, hivyo ratiba huwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, kisha dozi ya kulalia kama daktari alivyoandika. Bibi anayemuuguza mumewe hana saa ya ukutani, na macho yake hayasomi tena alama za kwenye bomba la kupimia. Jirani akifunga utepe mwekundu kwenye kipimo sahihi, amefanya jambo kubwa. Halafu kuna choo. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na dawa ya kulainisha isipotolewa tangu mwanzo, mgonjwa ataikataa morfini yenyewe. Hofu ya "atakuwa teja" nayo huwa ipo, mara nyingi imeletwa na sisi wageni. Dawa ikitolewa kwa maumivu, kwa kipimo na kwa usimamizi, ni nadra sana imfanye mgonjwa kuwa teja.

Kazi nyingine ni za mikono mitupu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na ageuzwe na watu wawili walioshika kitenge kilichotandikwa chini yake; ukimburuta, ngozi ya makalio inachubuka na kidonda kinaanza. Tazama visigino. Kinywa kikikauka, loweka kitambaa laini kwenye maji yenye chumvi kidogo, pangusa ulimi na ufizi taratibu, kisha paka mafuta midomoni. Nimeona mzee aliyekuwa kimya siku nzima akaanza kuzungumza baada ya kusafishwa kinywa. Alikuwa na ulimi uliogandana tu, wala hakuwa na huzuni kubwa kama tulivyodhani.

Yule anayeuguza ndiye tunayemsahau. Tunakuja kumi na tano, anatupikia chai, tunaimba, tunaondoka, na vikombe ni vyake. Nikiruhusiwa kupanga, ningepeleka watu wawili: mmoja akae na mgonjwa, mwingine afue mashuka, na mama mwenyewe apelekwe akalale. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akamfikisha yule mtu nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa zaidi akirudi. Alikuwa na mpango wa kesho yake.

Nitasema na hili, wachungaji wanisamehe. Msiba ukitokea, turubai, jeneza na chakula vinapatikana ndani ya siku mbili. Mwezi mmoja nyuma, nyumba hiyohiyo ilikosa pampasi za mgonjwa na nauli ya kufuata dawa hospitali. Fungu la wagonjwa liwepo kabla, hata likiwa dogo, na mtunzaji wake aandike kila kinachotoka.

Baada ya mazishi kuna kazi bado. Morfini iliyobaki irudishwe hospitali, isigawiwe jirani mwenye maumivu ya mgongo. Pakiti ya pampasi ambayo haijafunguliwa ipelekwe kwa mgonjwa mwingine. Na jina la mjane libaki kwenye ratiba ya kutembelewa kwa miezi kadhaa. Wengi huanza kuugua wenyewe wakati huo, na presha waliyoacha kuipima tangu mume alale kitandani huwa imepanda.