Kioo kirefu si dawa ya upepo

Ukitafuta kava la mbele la kufunga kwenye pikipiki ya safari ndefu, utaambiwa: chukua lenye kioo kirefu kuliko yote, upepo hautakugusa. Si kweli, na wengi wameumia shingo kwa ushauri huo.

Hewa ikifika ukingo wa juu wa kioo huvurugika, na mvurugiko huo ukitua kwenye helmeti, kichwa hutikisika na masikio hujaa ngurumo. Jipime barabarani, mahali peupe pasipo magari: nyanyuka kidogo kwenye vikanyagio. Kelele zikipungua ghafla, kichwa kimetoka kwenye vurugu; kioo chako hakikufai kwa urefu huo. Mara nyingi kifupi kidogo, kinachokinga kifua na kuacha hewa tulivu ifikie helmeti, ndicho kinachopumzisha. Tena usiku wa mvua utaona juu ya ukingo, si kupitia matone.

Angalia pia kava linafungwa wapi. Windjammer, kava la mbunifu Mmarekani Craig Vetter lililopendwa sana Marekani miaka ya 1970, lilifungwa kwenye fremu. Kava kubwa likining'inia kwenye usukani, kila dharuba ya upepo inakufikia mikononi.