Waingereza wa kale na umri wa kuoana
Wengi huamini kwamba katika Uingereza ya karne ya 17 wasichana waliolewa wakiwa na miaka 14 au 15. Si ajabu: ndoa za mapema za watawala na makabaila ndizo zilizosimuliwa zaidi. Lakini parokia ziliagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1538. Kompyuta zikiunganisha ubatizo na ndoa ya mtu yuleyule, wanawake wa kawaida huonekana wakiolewa, kwa wastani, kwenye miaka 25 hivi. Wanaume 27 au 28. Walingoja wapate uwezo wa kujitegemea, wengi wakitumika kwanza majumbani na mashambani kwa watu. Ukitaka kuhakiki, tafuta mtandaoni daftari za parokia moja, ufuatilie majina machache. Jihadhari na akina John: ni wengi mno, hata kompyuta huwachanganya.