Mnara wa Beit al-Ajaib si wa Barghash

Wengi Unguja tumekua tukiambiwa kuwa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijenga Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la Mji Mkongwe, pamoja na mnara wake wa saa. Sivyo. Jumba lake la 1883 halikuwa na mnara usoni. Mnara wa taa ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zikapiga mizinga kwa muda usiofika saa moja, na mnara ule ukaharibika vibaya. Huu wa saa ulishikamanishwa na jumba baadaye, wakati wa matengenezo. Ndio ulioporomoka 25 Disemba 2020, watu wawili wakafariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwangu hili ni zito: anayelijenga upya jumba ajue anarejesha kazi ya mwaka upi.