Choo cha mtoto wa mbwa kiwe ndani ya ua wako

Malalamiko ya kinyesi cha mbwa yanayotufikia kupitia watendaji wa mitaa yameongezeka, na mengi yanafanana: geti linafunguliwa alfajiri ili mbwa "akajisaidie", naye anajisaidia mlangoni kwa jirani. Jirani huyo akiwa Muislamu wa madhehebu ya Shafi anayewahi swala, najisi ya mbwa kwake ni nzito na huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tunaamini wengi hawafanyi hivyo kwa makusudi. Mbwa hakufundishwa akiwa mdogo, basi.

Chagua kona moja ya ua, yenye mchanga au majani, mbali na kisima na tuta la mchicha. Mpeleke mwenyewe kwa kamba kila anapoamka, anapomaliza kula au kucheza, na kabla ya kulala. Mtoto wa miezi miwili hawezi kubana mkojo zaidi ya saa mbili hivi, hivyo usiku nako utaamka. Ukimwona ananusa sakafu huku akizunguka, mbebe umtoe. Akimaliza, msifu palepale na umpe dagaa mmoja; ukisubiri hadi mrudi ndani, ataona dagaa ni malipo ya kuingia ndani. Siku za mwanzo acha kwenye kona hiyo kipande cha gazeti chenye mkojo wake, harufu imwite.

Kumsugua pua kwenye mkojo si mafunzo. Sijui nani aliwaambia watu hivyo, lakini tumechoka kuletewa vijibwa vyenye mbavu zilizovimba kwa maelezo kwamba "nilikuwa namtia adabu". Kipigo cha sasa mbwa hakihusishi na mkojo wa nusu saa iliyopita. Anachojifunza ni kujificha nyuma ya kochi. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na kuwa ndani ya nyumba yako si kinga.

Akikojoa sakafuni, osha kwa sabuni, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji. Usimwage jiki juu ya mkojo: ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na kifua.

Wapo wanaosema nje ya geti ndiko pasafi zaidi kwao. Kwa mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo, huko ndiko anakookota parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi. Vilevile watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo, kwa kuwa hupita kwa mama tangu tumboni. Mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili au zaidi kwenye udongo kabla ya kuweza kumwambukiza mtoto wa binadamu anayechezea mchanga. Kwa hiyo kinyesi cha leo kiokotwe leo, kwa koleo, kitupwe kwenye choo cha shimo. Kisiwekwe kwenye mbolea ya mboga. Dawa ya minyoo kwa kijibwa huanza akiwa na wiki mbili. Ratiba iliyobaki atakupangia daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito.

Kuhusu hatua za kisheria, na hapa naomba umakini. Mlalamikaji huanza kwa mtendaji wa mtaa, si kwa kumrushia mbwa mawe. Mtendaji huandika lalamiko na kumjulisha afisa afya au afisa mifugo wa kata, ambaye hufika kukagua. Mfugaji hupewa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Asipotekeleza, hutozwa faini kwa kiwango kilichomo kwenye sheria ndogo za halmashauri husika. Akikataa kulipa, anaweza kufikishwa mahakamani. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba ya Serikali, nawe udai risiti. Usimpe ofisa yeyote fedha mkononi, hata akidai anakusaidia. Atakayekuja kukagua anaweza pia kutaka kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mtoto huchanjwa akifika miezi mitatu, kwa hiyo iwe karibu.

Malalamiko ya mbwa kubweka usiku yanashughulikiwa peke yake. Tafadhali msiyachanganye na haya kwenye barua moja.