Teminali kwenye mchoro wa umeme: tunayoambizana na yaliyo kweli

"Teminali ni duara tu. Chora, andika namba, songa mbele."

Maneno haya nayasikia karibu kila anapokuja kijana mpya kukaa nami kwenye kompyuta hapa Chumbageni, Tanga. Teminali ni kile kipande cha kuungia waya ndani ya paneli, yaani kabati la vifaa vya umeme. Simlaumu. Wengi wameanzia kwenye AutoCAD ya kawaida, programu ya kuchorea, wakichora ramani za nyumba, na huko duara ni duara. Wakihamia AutoCAD Electrical, ile ya michoro ya umeme, wanajua kwamba mota na kontakta (swichi ya kuwashia mota, inayovutwa na koili yake ikipata umeme) huchukuliwa kwenye menyu ya alama, lakini wakifika kwenye teminali mkono unarudia mazoea. Duara linatokea, linapendeza, na mchoro ukishachapishwa huoni kasoro yoyote. Kasoro utaiona siku unapoomba orodha ya teminali na programu ikakuletea ukurasa mtupu.

Alama ya teminali iliyotoka kwenye menyu imebeba taarifa: jina la safu iliyomo (kundi la teminali zilizopangwa pamoja kwenye reli ya paneli), namba yake, mahali itakapofungwa, mtengenezaji na namba ya katalogi, pamoja na ncha ambazo waya hushika. Ukiiweka juu ya waya uliokwisha kuchorwa, waya unakatika wenyewe hapo na kushika pande zote mbili. Duara la mkono halina hata moja kati ya hayo. Waya unapita chini yake kana kwamba halipo. Umbo lenyewe, liwe duara, mraba au pembetatu, ni desturi ya ofisi yenu. Programu inasoma maandishi yaliyomo ndani.

Kwa sababu hiyo hiyo, usivunje bloku ya teminali, yaani alama pamoja na maandishi yake, eti upate kusogeza namba ikae vizuri. Ukiivunja, kila ulichokiandika kinapotea, yanabaki majina ya nafasi za kujazia, na kwa programu ile teminali imekufa. Ipo amri ya kusogeza maandishi ya alama bila kuvunja chochote. Itumie hiyo.

Dhana ya pili imenigusa mwenyewe, na nitakaa nayo kidogo: "Nakili, bandika, namba utarekebisha mwishoni."

Miaka kadhaa nyuma nilichora paneli ya shamba moja la mkonge huku mkoani kwetu. Ilikuwa na mota ya korona, ile mashine inayoponda jani la mkonge na kuacha singa, na pampu ya maji ya kuoshea. Umeme mkubwa wa volti 400 niliuweka kwenye safu ya X1, na waya za kuendeshea za volti 24 nikaziweka kwenye X2. Nilipomaliza sehemu ya korona niliinakili yote, nikaibandika chini, nikabadilisha majina ya kontakta na mota yakawa ya pampu. Namba za teminali nilijiambia nitazirudia jioni. Jioni ilipofika nilirekebisha zote isipokuwa moja.

Siku ya kufunga, fundi aliyekuwa shambani, mzee aliyezaliwa Muheza na kuzeekea kwenye mashine za mkonge, akanipigia simu.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikiliza. X2 namba 7 kwenye karatasi yako iko mara mbili. Moja inatoka kwenye swichi ya dharura ya korona. Nyingine inatoka kwenye boya la tangi. Kwenye reli nina namba 7 moja tu. Nizifunge pamoja?"

Nilinyamaza. Nilifungua faili, nikafuatilia waya kwa kidole kwenye skrini. Swichi ya dharura inapokea volti 24 kutoka X2:6 (safu ya X2, namba 6) na kuirudisha X2:7, na kutoka hapo umeme unakwenda kwenye koili ya kontakta ya korona. Boya, ile swichi inayoelea tangini, nalo linapokea kutoka X2:6, na lilipaswa kurudisha X2:17, kwenda kwenye koili ya pampu. Sasa fikiri waya zote mbili za kurudi zimebanwa kwenye skrubu ile ile ya namba 7. Maji yakishuka tangini, boya linafunga. Volti 24 inafika namba 7 kwa njia ya boya. Mtu pale kwenye korona akipiga swichi nyekundu kwa kiganja, swichi inafunguka kweli, lakini koili inaendelea kupata umeme kutoka upande wa pili, na korona inaendelea kuzunguka. Na korona, anayeijua anajua, haichagui kati ya jani na mkono.

"Mzee, usifunge. Ya boya ni namba 17. Kosa ni langu."

"Haya. Ndiyo maana nimeuliza."

Ukweli ni kwamba alama iliyonakiliwa kwa amri ya kawaida ya kunakili inabeba na namba yake, na programu inaweza isipige kelele. Haipigi kelele kwa sababu namba kurudiwa kuna wakati ni halali, kama nitakavyoeleza mbele. Njia salama ni kuingiza teminali mpya kutoka kwenye menyu. Kisanduku cha kuingiza na kuhariri teminali kikifunguka, ukishaandika jina la safu, kinakuonyesha namba zilizokwisha kutumika kwenye safu hiyo ndani ya mradi. Zisome kabla ya kubofya sawa. Na ukiwa umenakili kwa sababu ya haraka, usifunge kompyuta kabla hujaendesha ukaguzi wa mradi mzima, ule unaozitaja teminali zilizorudiwa moja moja. Haumalizi hata muda wa kikombe cha chai.

Wapo pia wanaoamini kwamba namba ya teminali na namba ya waya ni kitu kimoja. Hapa wanachanganywa na mambo mawili yanayofanana kwa macho. Waya namba 104 ukitoka kwenye kontakta, ukapita kwenye X2:7 na kwenda shambani, kwa kawaida unabaki 104 pande zote mbili, kwa sababu teminali ni kipande cha chuma kinachounganisha. Umeme wa huku ndio umeme wa kule. Ukipita kwenye batani au kwenye mguso wa rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), namba inabadilika, kwa sababu kile kinaweza kufunguka na pande mbili zikatofautiana. Teminali ina namba yake, waya una namba yake, na fundi anazihitaji zote: ya kwanza imwambie skrubu ipi, ya pili imwambie kichwa kipi cha waya.

Tatizo ni kwamba menyu ina aina kadhaa za alama zinazofanana sana. Ipo yenye namba yake yenyewe. Ipo inayochukua namba ya waya na kuifanya ya teminali. Ipo inayolazimisha namba ya waya ibadilike inapovuka, kwa ofisi zinazotaka waya wa nje uwe na namba tofauti na wa ndani. Ukichagua ya mwisho bila kukusudia, utaona 104 huku na 105 kule, utadhani programu imeharibika. Haijaharibika. Badilisha alama kwa amri ya kubadilishana bloku, ile inayotunza maandishi uliyokwisha kuyajaza, kisha weka upya namba za waya.

Kuhusu jampa nitasema kwa kirefu kidogo, maana naona watu wazima, mafundi wa miaka mingi, wakikosea hapa. Wanasema: "Teminali 1, 2, 3 na 4 zote ni volti sifuri, kwa hiyo nazichorea waya wa kuziunganisha." Kwenye karatasi inaonekana sawa. Lakini programu imeambiwa kuna waya, na itauandika kwenye orodha ya waya. Fundi ataisoma orodha, atakata vipande vitatu vya waya, atavimenya, atavibana feruli (vifuniko vya chuma) ncha zote sita, na kuviingiza kwenye mashimo ya skrubu. Teminali ya kawaida ina tundu moja kila upande. Vipande vile vimeshajaza matundu ambayo waya za kwenda nje zilikuwa zinayasubiri, na sasa anaanza kubana waya mbili kwenye tundu la mmoja. Waya mmoja ukilegea, kesho mtatafuta hitilafu inayokuja na kuondoka.

Teminali nyingi za kisasa zina mfereji katikati, juu kabisa, wa kupachika kitana cha chuma kinachounganisha jirani kwa jirani bila kugusa matundu ya waya. Hicho ndicho jampa. Kwenye programu jampa huichorei waya. Unachagua teminali zenyewe na kuziunganisha kwa amri ya jampa, au unafanya hivyo ndani ya kihariri cha safu za teminali. Taarifa inakaa ndani ya alama, inatokea kwenye jedwali la safu, na fundi anajua achukue kitana.

Na zile za ghorofa? "Alama mbili maana yake teminali mbili." Si lazima. Teminali ya ghorofa mbili ni kipande kimoja kwenye reli chenye njia mbili za umeme zisizogusana, moja juu na moja chini. Kwenye mchoro wa saketi kila njia huchorwa kwa alama yake, pengine kurasa tofauti kabisa. Unachotakiwa kufanya ni kuiambia programu idadi ya ghorofa kwenye sifa za bloku, kisha uzihusishe alama hizo mbili ziwe kitu kimoja. Hapo ndipo namba moja kuonekana mara mbili inakuwa halali.

Usipozihusisha, unalipa kwa nafasi na kwa fedha. Teminali ya waya wa milimita mraba 2.5 kwa kawaida ina unene wa takriban milimita 5.2 kwenye reli. Sensa 12, kila moja na waya mbili, kwenye teminali za ghorofa mbili zinakula milimita 62. Programu ikidhani ni teminali 24, inakuwekea karibu milimita 125 na kuagiza vipande 24. Umenunua mara mbili, na kwenye paneli ndogo huenda ukaambiwa reli haitoshi wakati inatosha.

Mengine ni mafupi. Kufuta teminali kwa kitufe cha kufuta cha kawaida huacha pengo kwenye waya. Tumia amri ya kufuta kifaa ya programu yenyewe, waya uungane tena. Kubadilisha jina la safu kwenye alama moja hakubadilishi safu nzima, kwa sababu kila teminali inabeba jina lake yenyewe. Ukiandika X2 hapa na X-2 pale, umezaa safu mbili, na moja itakuwa na teminali moja tu iliyopotea. Herufi X, kwa wanaouliza, ndiyo inayotumika kwa viunganishi katika viwango vya IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Michoro ya mtindo wa Kimarekani utaikuta na TB (terminal block). Mashine ikitoka huko, usibadilishe majina yake nusu nusu. Na ukurasa usiosajiliwa kwenye orodha ya mradi hauhesabiwi na jedwali lolote, hata kama uko kwenye folda ile ile.

La mwisho ni teminali za akiba. Nimeona michoro yenye alama sita zimetupwa kona ya chini ya ukurasa, hazina waya, zimeandikwa "akiba". Anayesoma hajui zinakaa wapi kwenye reli. Akiba huongezwa ndani ya kihariri cha safu, mwishoni mwa X1 au X2 au katikati kama unataka kutenganisha makundi, na zinatokea kwenye jedwali mahali pake hasa, na kwenye orodha ya manunuzi. Siku shamba likiongeza pampu ya pili, fundi atafungua mlango wa paneli, atahesabu kutoka 17, na atazikuta.