Mtoto anahitaji watu wazima wengine wawili, mbali na wazazi wake

Tukiongelea malezi, wengi tunakimbilia mabaya tu: kipigo, matusi, ulevi nyumbani. Ni kweli yanaumiza na yanaacha alama mpaka ukubwani, ila sisi tunaofanya kazi na watoto tunaona upande wa pili unasahaulika, yaani yale mazuri ambayo mtoto anatakiwa ayapate.

Mwaka 2019 jarida la JAMA Pediatrics lilitoa utafiti wa Christina Bethell na wenzake, watu wazima 6,188 wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliulizwa mambo saba ya utotoni. Uliweza kuiambia familia unavyojisikia? Walisimama na wewe kwenye shida? Nyumbani kulikuwa na mtu mzima aliyekufanya ujione salama? Marafiki walikusapoti? Sekondari ulijiona ni mmoja wa wenzako pale shuleni? Ulifurahia mila na sherehe za jamii yenu? Na je, kulikuwa na watu wazima angalau wawili, wasio wazazi wako, waliokujali kwa dhati? Waliokuwa na mambo sita au saba, asilimia 12.6 ndio walikuwa na sonona au hali mbaya ya akili, wenye mawili kushuka chini ni asilimia 48.2, na hata walipohesabu mabaya waliyopitia hao watu bado tofauti ilikuwepo. Sio kwamba mazuri yanahalalisha kipigo, hapana, kipigo kikome.

Nyumbani mambo mengine ni madogo sana. Mtoto anaingia, anatupa begi chini, anasema "leo wamekataa kucheza na mimi", na wewe macho yako kwenye simu unamjibu "achana nao". Hapo mazungumzo yameisha, na kesho hatakuambia. Weka simu chini, muulize "ikawaje?", halafu nyamaza umsikilize, usikimbilie kumpa suluhisho, wala sio lazima uwe nalo.

Lakini mimi nakazania lile la watu wazima wawili, maana wazazi wengine wanaumwa, wanachoka, wako mbali kikazi, na hapo ndipo jirani, mwalimu, shangazi au kocha anapohitajika. Haidai hela wala semina. Unajua jina la mtoto wa jirani, unakumbuka alichokuambia wiki iliyopita, mkikutana njiani unasimama unamuuliza: "Ule mtihani uliokuwa unauogopa, uliendaje?"