Jua sio kipimo cha bahari jamani, anzeni kuuliza mwezi

Wiki hii imeingia tena ile meseji ileile, sasa hivi kutoka kwa kundi la watu wa Masasi wanaotaka kushuka pwani: "Kaka, apu inaonyesha Jumamosi ni jua tu, mvua hakuna, kwa hiyo tufike mchana, tuingie mapangoni tupige picha mpaka jua lizame." Nikauliza siku hiyo mwezi ni wa ngapi. Kimya. Badala ya jibu ikaja picha ya lile pango la Benagil kule Ureno, lenye tundu juu na mwanga unashukia mchangani, na swali kama na sisi tunalo la hivyo.

Mi kazi yangu ni kutembeza watu kwenye magenge, yaani zile kuta za mwamba ukingoni mwa bahari, na fukwe za huku kusini, Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, na Lindi nikiitwa, na hii imani kwamba jua likiwaka bahari iko poa imenichosha kabisa. Jua litakwambia uvae kofia. Maji yako wapi saa ngapi, hilo muulize mwezi, na mawimbi yana habari zake nyingine kabisa, kuna siku hapa kwetu upepo hata wa kutikisa mnazi hakuna na bado mawimbi yanapiga mwamba kwa nguvu kwa sababu yametengenezwa na upepo wa mbali huko kusini yakasafiri mpaka hapa. Ndio maana Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kutoa angalizo la mawimbi ya zaidi ya mita 2 na wewe ukitoka nje unaona anga jeupe, halafu unasema hawa watu wamekosea. Hawajakosea. Kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ndo kabisa, jua zuri, kibaridi kizuri, na bahari imechafuka.

Sasa maji. Huku kwetu yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua wageni ni kwamba bamvua, yaani zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, ina saa zake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo, maji yanakauka kwenye saa nne saa tano asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi jioni, na tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Kwa hiyo yule anayechagua wikiendi ya mbalamwezi ili apate picha ya machweo chini ya genge amechagua, bila kujua, siku na saa ambayo ufukwe wenyewe haupo, maji yameegemea ukuta. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, yanapwa jioni, ila hayaendi mbali, tofauti ni kama mita 1 hivi, kwa hiyo mwamba wa mbele haukauki na yale mapango ya chini huyaingii kwa miguu. Ukitaka mapango njoo asubuhi ya bamvua. Ukitaka machweo njoo jioni ya maji mafu ukae mchangani. Vyote viwili kwa siku moja havipatikani, hata ukiongeza hela.

Halafu kuna hawa waliojifunza kidogo, na hawa ndo wananipa kazi kuliko wasiojua kitu. Kasikia maji yanachelewa dakika 50 kila siku, basi anapiga hesabu yake: jana yalikauka saa nne, leo saa nne na dakika 50, kesho kutwa hivi, anapanga safari ya wiki nzima kwa kalkuleta. Dakika 50 ni wastani tu jamani! Karibu na bamvua yanachelewa pungufu ya hapo, karibu na maji mafu yanaweza kupitisha saa nzima. Na akishapata saa ya kupwa kwenye jedwali anaipanga kama saa ya kufika, yaani jedwali likisema saa nne na nusu yeye saa nne na nusu ndo anashuka kwenye gari, anatafuta viatu, watoto wanataka kukojoa, mpaka waguse mwamba maji yalishageuka. Saa ya kwenye jedwali ni saa ya kuanza kurudi. Unatakiwa uwe umeingia saa moja na nusu kabla, unayafuata maji yakitoka, na yakisimama tu na wewe unageuza.

Na usidanganyike kwamba yanarudi polepole. Yanaanza polepole, ndo mtego wenyewe. Chukua siku ya mita 3: saa ya kwanza yanapanda kama sentimita 25, unacheka, saa ya pili kama 50, ya tatu na ya nne kama 75 kila moja. Mtu aliyetazama ile saa ya kwanza akasema "bado sana" anakutwa na ya tatu akiwa bado anatafuta engo ya picha. Na hayaji kwa mbele kama watu wanavyodhani. Mwamba wa nje mara nyingi uko juu kuliko ile sehemu kati yako na nchi kavu, kwa hiyo maji yanaingia kwa mlango, ule uwazi kwenye mwamba, yanazunguka, yanajaza kule nyuma ulikopita wakati pale uliposimama bado pakavu. Watazameni kina mama wanaovua pweza mwambani. Hawaangalii saa wala hawaangalii mawimbi. Wanaangalia majani ya bahari kwenye kijimkondo: maji yakitoka majani yote yamelala kuelekea kilindini, yakisimama yanasimama na yenyewe yanayumba yumba, yakianza kulalia upande wa nchi kavu mama anachukua mti wake na ndoo yake anaondoka, hata kama kwenye tundu mbele yake kuna pweza anamuona. Nikiwa na wageni nawaonyesha hayo majani kabla ya kuwaonyesha pango.

Viatu vaeni vya kufunga, huo mwamba unakata kama wembe. Kwenye boti jaketi okozi, hakuna mjadala. Msimbati msiogelee karibu na mlango maji yakiwa yanaingia au kutoka katikati ya safari, Ghuba ya Mnazi nzima inapumulia hapo.

Lile la pili linalonikera ni kusimama ukingoni mwa genge kwa sababu "ni jiwe". Ni jiwe, ndio, lakini ni jiwe la matumbawe, lilikuwa mwamba hai wa baharini miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na limejaa matundu. Maji yanalila pale yanapofika kila siku, na viumbe vinavyokwangua na kutoboa vinasaidia, mpaka chini panabonyea ndani na juu panabaki kama paa lisilo na nguzo. Wewe uliye juu hulioni hilo. Ndo hapo hapo watu wanapanga mstari wa picha.

Lini litaanguka? Hapo niseme ukweli, hakuna anayeweza kukutajia siku. Ufa unaweza kukaa miaka bila kusogea, na lisilo na ufa linashuka. Kule Ureno mwezi Agosti 2009, katikati ya msimu wa jua, kipande cha genge kiliangukia watu ufukweni Praia Maria Luísa karibu na Albufeira na watu 5 walikufa. Na hiyo Benagil mnayonitumia, mwaka 2024 wenyewe walizuia watu kuogelea kwenda pangoni na kushuka kwenye mchanga wake.

Kipimo ninachotumia nimekichukua kwao: chini ya genge kaa mbali mara moja na nusu ya urefu wake. Genge la mita 4, mkeka uwe mita 6 kutoka ukutani. Na kabla hujatandika, tazama huo ukuta, utaona chaza wamegandia. Wakiwa usawa wa kichwa chako ujue maji yanafika hapo na kupita. Siku ya bamvua, saa kumi jioni hiyo, hizo mita 6 za mchanga hazipo tena, kwa hiyo mkeka unatandikwa juu chini ya minazi au hautandikwi.